Jibu: gari la Mazda MX-5 ya 1992, pedali ya klachi inazama na rivasi inakwaruza

Mkuu, kabla hujashusha gia boksi kutafuta sahani ya klachi, chungulia silinda ya chini, ile slevu, inayosukuma klachi kwa nguvu ya mafuta, upande wa kulia wa gia boksi. Kwenye MX-5 za kizazi cha kwanza ndiyo mgonjwa wa kila siku. Umesema mafuta ya klachi (yale yale ya breki) kwenye kopo lake yanapungua. Basi funua raba ya vumbi iliyofunika mdomo wa hiyo silinda. Ukikuta kumelowa, sili imekwisha.

Inua gari, weka stendi, jeki peke yake haitoshi. Legeza nati ya paipu silinda ikiwa bado imefungwa, tena kwa spana ya nati za paipu (flare nut), ile inayokumbatia nati karibu pande zote, maana spana ya kawaida huviringisha kona za nati. Kisha toa bolti mbili zinazoishika silinda, za spana namba 12. Silinda ikiwa nje usikanyage klachi, pistoni itachomoka.

Ukishafunga mpya, jaza mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, utoe upepo: mwenzako akanyage na kushikilia, fungua nipo (skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda), funga, ndipo aachie. Kopo ni dogo mno. Likikauka mnaanza upya.

Masta ya juu, silinda inayosukumwa na pedali, ibadilishe hapo hapo, zimezeeka pamoja. Ikivuja, mafuta ya breki hubabua rangi ya bodi.