Feni ya kompyuta haisikii setingi: tafuta kwanza amri inakatikia wapi

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta, hii kesi mtaletewa sana. Feni inavuma muda wote, mteja anasema ameingia BIOS (menyu ya setingi za mashine kabla ya Windows) kashusha spidi, kaweka Silent, kasevu, karudi Windows na kelele iko palepale. Mwingine kaweka programu ya kuendesha feni, anavuta spidi toka asilimia 100 mpaka 30 na hakuna kinachobadilika. Wengi wakipokea mashine ya hivyo wanakimbilia kununua feni nyingine au kupiga Windows upya, na mara nyingi havisaidii vyote viwili na hela ya mteja ishaondoka. Nawaomba mkae na swali moja kabla hujashika bisibisi: amri ya hii feni inatoka wapi, na inakatikia wapi?

Nasema hivyo kwa sababu feni ya pini 4 imetengenezwa makusudi kwamba ikikosa ishara ya kuiongoza inakimbia spidi yake yote. Ni usalama tu, watengenezaji waliona bora kelele kuliko prosesa kuungua. Kwa hiyo ukikuta feni iko juu muda wote usiseme haraka feni mbovu, mara nyingi feni ni nzima kabisa ila haijapata amri, na kazi yako ni kufuata ile njia ya amri kuanzia sensa ya joto, kwenye chipu inayoendesha feni, kwenye soketi, kwenye waya mpaka kwenye feni yenyewe.

Haya sasa tuje kwenye waya maana hapa ndio kesi nyingi zinaishia. Feni ya pini 3 ina waya wa hasi yaani ground, waya wa volti 12, na waya wa kurudisha taarifa ya mizunguko, ule ndio unaofanya BIOS ikuandikie RPM, yaani mizunguko kwa dakika. Feni ya pini 4 ina hizo tatu kwa mpangilio uleule halafu inaongeza wa nne wa PWM, huo ndio unaobeba amri. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, inatuma kwenye huo waya mapigo kama 25,000 kwa sekunde, na kinachobadilika ni kila pigo linakaa juu kwa muda gani, ukiweka asilimia 40 maana yake linakaa juu asilimia 40 ya muda na feni inajipunguza yenyewe humo ndani, volti 12 zake wala haziguswi. Feni ya pini 3 haina huo waya, njia pekee ya kuipunguza ni kupunguza volti zenyewe, toka 12 kwenda 9, 7, mpaka karibu na 5 hivi, ukishuka sana inasimama au inashindwa kuanza ukiwasha mashine. Na rangi zisikudanganye, kwenye feni nyingi za pini 3 waya wa njano ni wa taarifa ya mizunguko lakini kwenye za pini 4 za mpangilio wa Intel njano ndio volti 12, kijani ndio taarifa, bluu ndio PWM, na siku hizi feni nyingi zinakuja na waya mweusi mtupu. Hesabu pini, achana na rangi.

Ukishaelewa hapo utaona kesi ya kwanza inajieleza yenyewe. Mteja kanunua feni ya pini 3, kaichomeka kwenye soketi ya pini 4, imeingia vizuri tu na inazunguka, lakini kwenye BIOS ile soketi iko mode ya PWM. Mazabodi inatoa volti 12 zote muda wote na inatuma amri kwenye pini ya nne ambayo kwa feni hiyo haipo. Hapo hata ungechora mstari wa spidi (joto hili, spidi hii) mzuri namna gani feni haitasikia. Ingia BIOS, kwenye mazabodi za ASUS ni sehemu ya Q-Fan, Gigabyte na MSI utakuta Smart Fan, tafuta hiyo soketi ubadilishe toka PWM kwenda DC, ile mode ya kupunguza volti, na papo hapo utasikia feni inashuka. Kinyume chake pia kipo, feni ya pini 4 kwenye soketi iliyowekwa DC inaweza kupungua ila inayumba, volti zikishuka sana umeme wa ndani wa feni unakosa nguvu na inaanza kusimama na kuzunguka tena. Kuna chaguo la Auto pia, mimi sipendi kuliamini, nitasema kwa nini.

Habu za feni. Hizi za kugawanya soketi moja kwa feni tano sita, nyingi zinachukua umeme moja kwa moja kwenye pawasaplai kwa kebo ya SATA, na toka kwenye mazabodi zinachukua waya wa amri na wa taarifa tu. Mazabodi ikiwa kwenye Auto inajaribu kutambua nini kimechomekwa, inaweza kukosea ikachagua DC, inaanza kupunguza volti ambazo habu haizitumii kabisa, na feni zote zinabaki juu. Weka PWM kwa mkono. Na hata ukiweka sawa, feni ya pini 3 ukiichomeka kwenye habu ya aina hiyo itakimbia spidi yote siku zote maana hakuna anayempunguzia volti, labda habu iwe na uwezo huo yenyewe. Ukikuta feni imeungwa kwa adapta ya Molex (plagi ya umeme ya pawasaplai) basi usihangaike na setingi, huko ni volti 12 za moja kwa moja na mazabodi haina habari nayo. Hapohapo angalia na mzigo wa umeme, soketi nyingi za kawaida zinabeba ampea 1 tu, ukiunga feni nyingi kwa splita bila umeme wa pembeni unaiua ile soketi na baada ya hapo kweli haitasikia setingi tena.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni hiki, na ukikizoea utaokoa masaa mengi. Jaribu feni ndani ya BIOS kwanza kabla ya Windows. Weka spidi ya kudumu, kwa mfano asilimia 100 halafu 40, usitumie Auto kwa sababu ndani ya BIOS prosesa haipumziki vizuri, joto linakuwa juu kuliko Windows ikiwa imetulia na feni inaweza kupanda kihalali. Ikiitika humo, waya na soketi na feni viko sawa na tatizo liko upande wa programu. Isipoitika badilishana: hamishia hiyo feni kwenye soketi ya CPU_FAN, ile ya feni ya prosesa, na pale ilipotoka weka feni ya pini 4 unayojua ni nzima. Kama tatizo limehama na feni, feni au waya wake. Kama limebaki, soketi au setingi yake. Mashine izimwe kabisa wakati unabadilisha, na feni ya prosesa usiiache nje mashine ikiwa inawaka hata kwa dakika chache. Kwa mode ya DC unaweza pia kupima kwa mita kati ya pini ya 1 na ya 2, volti zishuke unaposhusha asilimia, ila tumia ncha nyembamba na mkono uliotulia kwa sababu kugusisha hizo pini kunaunguza mazabodi.

Halafu kuna ile ambayo feni inatii kabisa ila wewe huoni. Angalia joto kabla ya kulaumu kitu. Kama prosesa iko nyuzi 90 na mstari wa spidi unasema ikifika 80 piga asilimia 100, feni inafanya ulichoiagiza, shida ni pesti ya kupitisha joto imekauka, au mguu mmoja wa hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa) umeachia, au vumbi limeziba mapezi yote, na kwa mazingira yetu ya vumbi na milango wazi hilo ni la kila siku. Au feni ya kasha imefungwa kwenye sensa ya mazabodi wakati wewe unasubiri ipande prosesa ikipata moto. Kwenye kila soketi kuna sehemu ya kuchagua chanzo cha joto, isomeni. Na zile zinazopanda na kushuka kila sekunde, hasa kwenye prosesa za Ryzen ambazo joto linaruka ghafla, ni kuongeza muda wa kusubiri kabla ya kupanda na kushuka. Feni za GPU (kadi ya picha) kusimama kabisa mashine ikiwa imepoa ni kawaida kwa kadi nyingi za sasa, zinaanza kuzunguka joto likifika nyuzi 50 na kitu au 60, msimuuzie mtu feni kwa hilo.

Mashine za maofisini zilizotumika, hizi Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizojaa madukani kwetu, ni dunia nyingine. Humo usitafute mstari wa spidi, mara nyingi haupo. Dell zinaweza kukupa chaguo la Quiet, Cool au Ultra Performance, HP za mezani zina sehemu ya kupandisha kiwango cha chini cha feni, na mtu wa kwanza aliyeimiliki anaweza kuwa aliipandisha na wewe hujui. Kwenye laptopu nyingi za HP za ofisi kuna mstari kwenye BIOS unaosema feni iwe inazunguka muda wote chaja ikiwa imechomekwa, mteja analalamika nyumbani ina kelele ila akiwa safarini imetulia, jibu lake ni hapo tu. Pia feni za hizi mashine zinaweza kuwa na soketi isiyo ya kawaida, pini 5, au mpangilio tofauti, kwa hiyo usilazimishe ya mtaani. Kwa laptopu yoyote chipu ndogo inayoitwa EC ndio bosi wa feni, ikikwama chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kama sekunde 30 halafu rudisha. ThinkPad nyingi ambazo betri iko ndani zina kitundu kidogo chini cha kufanyia hiyo kazi.

Na msisahau sensa iliyopotea. iMac za mwishoni mwa 2009 mpaka 2011 zilikuwa zinasoma joto la hadidiski kwa njia yake maalumu, fundi akiweka SSD ya kawaida taarifa ile haifiki na feni ya upande huo inapanda mpaka juu inabaki hapo. Inatafutiwa waya wa sensa au programu kama Macs Fan Control. Huwa natumia mfano huu kufundisha kwa sababu pale feni nzima, waya mzima, mazabodi nzima, kilichokosekana ni taarifa tu.

Upande wa programu: moja tu ndio iendeshe feni. Ukikuta Armoury Crate ya ASUS au MSI Center ya MSI iko ndani na mtu kaongeza FanControl juu yake, zinaandikiana amri kwenye chipu moja na ya mwisho kuandika ndio inashinda, ndio maana spidi inashuka sekunde mbili inarudi. Toa moja. SpeedFan ya zamani haizitambui chipu mpya, iacheni. Na kuanzia 2025 Windows Defender imekuwa ikizuia draiva ya WinRing0 ambayo programu nyingi za feni ziliitegemea, kwa hiyo kama ilifanya kazi kabla ya hapo na sasa haioni feni hata moja, angalia kwanza kwenye historia ya Defender, halafu uipandishe programu toleo. Kwa wa Linux, faili la pwm1_enable likiwa 1 ni mkono, 0 ni spidi yote, na huduma ya fancontrol ikigoma baada ya kusasisha mfumo angalia kama namba ya hwmon (ambayo mfumo unaipa chipu ya sensa) imebadilika, rudia amri ya pwmconfig.

Nimeacha kwa mwisho ile ambayo kwetu inasumbua kuliko vitabu vinavyosema. Mteja kaseti vizuri, umemwona kwa macho yako, feni imetii, kesho anarudi. Umeme ulikatika usiku. Betri ya CMOS, ile CR2032, imekufa, na kila umeme ukikatika ukutani BIOS inarudi kwenye setingi za kiwandani, soketi inarudi PWM au Auto na feni ya pini 3 inaanza kuvuma tena. Dalili nyingine ni saa na tarehe kurudi nyuma. Mashine iliyokaa stoo miaka kadhaa kabla ya kufika huku mara nyingi betri yake iko hoi, volti chini ya 2.8 kwenye mita mimi nabadilisha bila kujadili. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu mashine yake, seti, sevu, zima, chomoa kabisa waya wa umeme, fanya kazi nyingine kama nusu saa, rudi uiwashe uingie BIOS usome tarehe na ile mode ya soketi. Vikiwa vimebaki ulivyoviacha, mpigie aje achukue.