Mzigo wa kupita tu ulivyonirudisha nyumbani na begi moja

Juzi usiku nimepata meseji ya kijana mmoja wa kliaringi, yaani kutoa mizigo bandarini, yuko Dar, ana kama miaka miwili kwenye kazi. Kaandika hivi: "Shikamoo kaka. Kuna mteja wa nje ana mzigo mdogo unashuka hapa, anataka tuufanyie transiti, halafu tubadilishe BL mpokeaji awe mtu mwingine na bandari nyingine. Analipa mara tatu ya ada yetu. Bosi kasema mzigo wa kupita hautuhusu. We unaonaje?" (Transiti ni huo mzigo wa kupita tu kwenda nchi nyingine, na BL ni hati ya meli inayosema mzigo ni wa nani na unashuka wapi.)

Nimeisoma mara tatu, maana hayo maneno ya bosi wake nimeshayasikia, neno kwa neno, mwaka 2011 nikiwa Deira, Dubai, na aliyenambia alikuwa anakunywa chai ya karaki kwenye kikombe cha karatasi kama mtu asiye na shida duniani. Nikaanza kumjibu kwa sauti, voisi noti ikafika dakika kumi na moja, nikaifuta. Nikasema bora niandike hapa, wengi mnaosoma huku mko kwenye lojistiki au mnataka kuingia, na hili jambo hakuna anayewafundisha.

Dubai nilienda 2006, kijana wa Tanga na cheti cha forodha na Kiingereza cha kuungaunga. Miaka ya mwanzo naruka, ni kulala watu wanane chumba kimoja na kutuma hela nyumbani, mnaijua hiyo hadithi. Nikaja kupata kazi ya dokumenti kwenye ofisi ndogo ya usafirishaji, juu ya duka la mabegi, mi ndo nilikuwa nashika wateja wote wa Kiswahili, Dar, Mombasa, mpaka Lubumbashi. Matairi, vipuri, vitenge, jenereta. Nilikuwa mzuri, sioni haya kusema. Nilikuwa naweza kuandika seti nzima ya karatasi za kontena huku naongea na simu mbili, na wateja walikuwa wanakuja wanauliza "yule kijana wa Tanga yupo?"

Sasa ule mzigo. Ulikuwa maboksi mawili ya mbao kutoka Ulaya, uzito wa jumla kilo 38. Kwenye ankara imeandikwa vipuri vya pampu za maji, thamani dola 61,000. Mpokeaji ni kampuni ya Dar ambayo sijawahi kuisikia, anwani ni sanduku la posta na mtaa wa Kariakoo. Nikapiga namba iliyoandikwa, kwa mazoea tu, nikitaka kuthibitisha jina lisikosewe herufi. Akapokea mama mmoja. Nikamwambia mama napiga kuhusu vipuri vyenu vya pampu. Akacheka, akasema, "Baba, hapa tunauza mashuka."

Na mimi nikacheka! Hicho ndo kitu kinachoniuma mpaka leo. Nilicheka, nikaaga, nikaendelea kuchapa. Kilo 38 kwa dola 61,000, yaani kila kilo zaidi ya dola 1,600, pampu gani hiyo ya maji, ya dhahabu? Niliona. Sitawadanganya kwamba sikuona. Nikaenda kwa bosi nikamwambia kuna namba haiko sawa, ndo akanambia lile neno, mzigo wa kupita hautuhusu, halafu akasema hata hivyo Dar hauendi tena, fanya BL mpya, mpokeaji huyu hapa, bandari ni ile ya ng'ambo ya maji. Nikafanya. Nikasaini mimi. Akanipa dirhamu 500 ya chakula, nikamnunulia mama simu.

Siku ya nne wakaja watu watatu. Hawakupiga kelele, walikuwa wapole mpaka inatisha. Nikapelekwa kwenye chumba chenye meza ndefu na boksi moja liko wazi. Ndani kuna sponji nyeusi imekatwa vishimo, kila kishimo kimelalia kitu cha chuma cheupe, ukubwa wa chupa ndogo ya chai, juu kina tundu la waya. Ubavuni palipaswa kuwa na kibao cha jina la kiwanda na namba. Pamebaki matundu mawili ya skrubu. Kile kibao kimefunguliwa. Yule mkubwa wao akanyanyua kimoja akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu, hii ni pampu ya maji?

Vilikuwa vipima presha. Vile vinavyoweza kupima gesi iliyo nyembamba sana bila kuliwa na kemikali. Viwanda vya chipu za kompyuta vinavitumia, halali kabisa. Na mashine za kurutubisha urani, yaani kuiandaa iwe mafuta ya nyuklia au bomu, nazo zinavihitaji, kwa sababu ile gesi ya urani inayozungushwa mle ndani ni kali na presha yake lazima ijulikane muda wote. Ndo maana kule vinakotoka havitolewi bila kibali na bila karatasi inayosema mtumiaji wa mwisho ni nani. Na mtumiaji wa mwisho kwenye karatasi zangu alikuwa muuza mashuka.

Siku tisa nilijibu maswali yaleyale. Bosi simu imezimwa, alishaondoka nchini. Sahihi zote zangu. Mwisho wakaridhika kwamba mi ni karani tu, sikushtakiwa, ila viza ikafutwa na kibarua kikaota nyasi. Kiinua mgongo cha miaka yote ile sijakiona mpaka kesho. Na yule rafiki aliyenitafutia ile kazi hadi leo hapokei simu yangu, kana kwamba mi ndo nilimtia aibu. Haya, tuyaache.

Nyumbani Tanga nilikaa miezi sina kazi, nikaanza kusoma. Ndo nikagundua kuwa Imarati walikuwa na sheria ya kudhibiti bidhaa za namna ile tangu 2007, sheria namba 13, nimefanya kazi ndani yake miaka minne sijawahi kusikia hata jina. Na chimbuko lake ni aibu kubwa kuliko yangu. Mtandao wa yule mwanasayansi wa Pakistan, A.Q. Khan, ulikuwa unapitishia vifaa vya nyuklia Dubai. Oktoba 2003 meli inaitwa BBC China ikageuziwa njia hadi bandari ya Taranto, Italia, yakashushwa makontena matano yaliyokuwa yanaenda Libya. Ndani vipande vya mashine za kurutubisha urani vilivyotengenezwa Malaysia. Kwenye karatasi? Vipuri vya mashine vilivyotumika. Vipuri tena! Hili neno vipuri limebeba dhambi nyingi jamani.

Na msiseme hayo ni ya Wazungu na Waarabu. Kuna kesi ya Asher Karni, mfanyabiashara aliyekuwa Cape Town. Aliagiza Marekani vifaa 200 vya kurusha cheche za umeme, akasema ni vya hospitali ya Baragwanath, Soweto, kwa mashine za kuvunja mawe ya figo. Kweli vinatumika hospitalini. Ila hospitali inahitaji vichache sana, na vilevile vinaweza kufyatulia bomu la nyuklia. Kupeleka Afrika Kusini hakukuhitaji kibali, kupeleka Pakistan kulihitaji, kwa hiyo akaleta Afrika kwanza, halafu Dubai, halafu Pakistan. Bahati mbaya kwake kuna mtu alishatoa taarifa, shehena ya kwanza ya vifaa 66 ikaharibiwa makusudi kabla ya kutumwa, wapelelezi wa Marekani wakaifuata njia nzima. Akakamatwa uwanja wa ndege wa Denver tarehe 1 Januari 2004. Jina la hospitali ya Soweto, wagonjwa wetu, likatumika kama shuka la kufunikia. Hilo liliniudhi kuliko yote.

Mwezi Aprili mwaka huohuo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 1540, linaitaka kila nchi idhibiti vitu hivi, na limetaja wazi kupita, kuhamishia meli nyingine na kusafirisha tena nje. Malaysia waliamka, 2010 wakapitisha sheria yao inayowabana hadi madalali wasiogusa mzigo.

Sasa tuje kwetu, na hapa mnisamehe nitahubiri kidogo. Sisi udhibiti wa mzigo wa transiti tunao, tena mkali. Kuna bondi, yaani dhamana ya kodi, kuna sili za kielektroniki, lori likisimama sehemu haieleweki unapigiwa simu. Lakini jiulize ule udhibiti unalinda nini. Unalinda kodi! Tunaogopa sukari na mafuta ya Kongo yasishushwe njiani yakauzwa Chalinze. Mzigo ukivuka mpaka bondi inafutwa, kila mtu anafurahi, faili linafungwa. Na huyu mwizi wangu wa vipima presha hana shida na hilo hata kidogo, yeye anachotaka ndo hichohicho, mzigo utoke salama kwa wakati. Mfumo wetu unamsindikiza.

Angalia na orodha zetu. Ile sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tatu, la vitu vinavyopelekwa nje ya nchi, utakutana na mbao, mkaa, chuma chakavu, sangara na sato wabichi. Vizuri, misitu yetu na viwanda vyetu. Kemikali tunajua ni kwa Mkemia Mkuu, mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki, na wengi wetu ile tume tunaijua kwa cheti cha maziwa ya unga tu. Ila kile kidude chenye matundu mawili ya skrubu nani anakiangalia? Namba yake ya forodha ni 9026.20, vifaa vya kupima presha. Kipima upepo wa tairi cha pale gereji nacho ni 9026.20. Kompyuta haiwezi kuvitofautisha, inahitaji mtu aliyefundishwa, mwenye kitabu cha vipimo vya kiufundi mkononi, na sheria inayomruhusu kushika mzigo wa kupita hata kama kodi yote iko sawa na hata kama kitu chenyewe hakimo kwenye orodha lakini dalili ni mbaya. Na manifesti, yaani orodha ya mizigo, ya kuingia isomwe pamoja na ya kutoka, boksi likiingia "vipuri vya pampu" likitoka "vifaa vya maabara", king'ora kilie. Hilo la mwisho ni rahisi mno, sielewi kwa nini mpaka leo tunalipigia kelele.

Kuna watakaosema tukibana hivyo mizigo itahamia bandari nyingine. Singapore wana sheria ya namna hii tangu 2003 na meli hazijawakimbia.

Kwa wewe karani ushauri wangu ni mfupi. Gawa bei kwa kilo. Piga simu kwa mpokeaji. Kama mpokeaji ni wakala mwenzako na hakuna jina la atakayetumia kitu, uliza. Kama mtu ananunua mashine ya mamilioni na hataki fundi wa kuja kuifunga, uliza. Kama njia inazunguka dunia bila sababu, uliza. Tangu vita ya Ukraine 2022 wakubwa, Marekani, Ulaya na wenzao, wametoa hadi orodha ya namba 50 za forodha, chipu na vifaa vingine wanavyovikuta kwenye makombora ya Urusi, na vinafika huko kwa kupitia nchi za katikati kama sisi, kwa hiyo usidhani ni mambo ya zamani. Piga simu. Nasema tena, piga simu, na ukiambiwa hapa tunauza mashuka usicheke.

Na ukiona mteja anaongeza ada bila kuombwa ujue anachonunua ni macho yako yasione. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, na wewe hapo ndo udhia wenyewe.

Mwezi uliopita niliitwa kuongea na mawakala wenzangu nusu siku, watu kama arobaini. Mzee mmoja aliyestaafu forodha alikaa mbele akaandika kila nilichosema, mwisho akanifuata akanishika mkono akasema hivi vitu tungeambiwa zamani. Nilitoka pale nikampigia mama. Ile simu ya dirhamu 500 ilishakufa siku nyingi, ana nyingine sasa, lakini nilimkumbuka akiwa ameishika.

Yule kijana nilimjibu kwa kifupi tu, mdogo wangu usisaini, na mwambie bosi wako kwa maandishi kwamba umekataa. Jana usiku akarudi: "Asante kaka. Nimekataa. Mteja kasema hamna shida, kashapata wakala mwingine hapahapa mjini."

Nikamuuliza wakala gani. Tiki zimekuwa za bluu tangu saa nne usiku, hajajibu.