Tungule za ndooni Maskati: tatizo lako ni Aprili, si mkono wako

Salaam dada. Umesema ulihamia Maskati kutoka Arusha mwaka jana, ukapanda miche sita ya nyanya kwenye ndoo nyeusi za lita kumi, balkoni inayotazama magharibi, mwezi wa Aprili. Ikachanua vizuri, maua yakapukutika yote bila tunda hata moja, na Juni ilipofika miche imekauka. Sasa unauliza kama urudie au uache, na ukirudia uanze lini.

Rudia. Ulichokosea ni mwezi, na kidogo ndoo. Hayo mawili yanarekebishika.

Mimi naishi Al Khoudh, upande wa Seeb huku huku Maskati. Nitasema tungule, kwa sababu ndilo jina nililolisikia kwa mama tangu utotoni. Wewe soma nyanya. Mama alitoka Wete, Pemba, miaka ya 1970, na katika nyumba yetu ya kwanza huku alikuwa akipanda tungule kwenye madebe ya samli aliyoyatoboa chini kwa msumari. Nilijifunza kwake, nikaendelea mwenyewe darini. Kimbunga Shaheen kilipokuja Oktoba 2021 nilikuwa nimetoka tu kuhamishia miche ndooni. Upepo na mvua havikuacha hata mche mmoja, na ndoo nyingine niliziokota barabarani. Niliumia, nikakaa miaka miwili sipandi kitu. Nilirudi Septemba 2023, na kwa kuwa nilikuwa naanza upya, nikakaa chini nikafikiri kila nilichokuwa nikikifanya kwa mazoea. Ninayokuandikia hapa ni yale niliyoyabadili msimu ule.

Kwanza kalenda, maana bila hiyo mengine yote hayana faida. Arusha unaweza kupanda karibu mwezi wowote ukiwa na maji. Huku tungule ni zao la baridi. Mchana ukizidi nyuzi 35 hivi, na usiku ukakataa kushuka chini ya 24, chavua inaharibika: ua linafunguka, linaonekana zima, lakini halichavushiki, na baada ya siku chache linakatika kwenye kifundo chake. Ndiyo maana ulipata maua mengi na matunda sifuri. Watu wanatazama joto la mchana peke yake wanasahau usiku, na usiku wa pwani ya Oman ndio unaoua. Juni 2018, hapo Qurayyat kusini mwa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Hakuna mbolea wala dawa itakayolifanya ua la tungule litunge tunda katika hali hiyo. Kwa hiyo usihangaike na kiangazi.

Ratiba yangu ni hii. Mbegu naziweka mwisho wa Agosti, ndani ya nyumba, karibu na dirisha la mashariki, kwenye vikombe vya mtindi vilivyotobolewa. Huota ndani ya wiki moja. Nje bado ni tanuri, kwa hiyo miche inakaa ndani na kiyoyozi chetu mpaka ifike wiki ya tano. Mwisho wa Septemba naanza kuitoa nje alfajiri kwa muda wa saa moja tu, kesho yake muda wa saa mbili, keshokutwa zaidi, na wiki ya kwanza ya Oktoba inahamia ndooni kwa kudumu. Maua yanakuja Novemba, usiku umeshapoa. Tungule za kwanza nachuma mwisho wa Desemba, na kuanzia Januari mpaka Machi sinunui sokoni. Kama umechelewa Agosti, nunua miche kwenye vitalu vya barabara ya Barka mwezi wa Oktoba. Ila igeuze majani uyatazame chini kabla hujalipa, nitakueleza kwa nini.

Aliye Salalah, kusini kabisa mwa Oman, asinifuate, kule msimu wa khareef, yaani manyunyu na ukungu wa kiangazi, unageuza kila kitu. Wala wa milimani Jabal Akhdar, maana wao wana baridi ya kweli na huanza kupanda pale sisi tunapofunga.

Sasa ndoo. Hapa ndipo nilipopoteza miaka mingi bila kujua. Shambani mizizi inajificha ardhini, udongo wa chini haupati moto haraka. Ndooni jua linapiga ubavu, na mizizi mingi ya tungule inatambaa ubavuni huko huko. Siku moja ya Aprili nilichukua kipimajoto cha jikoni nikakidunga kwenye udongo wa ndoo nyeusi, upande wa magharibi, saa tisa alasiri: nyuzi 46. Ndoo nyeupe iliyokuwa pembeni yake, udongo ule ule, maji yale yale, ilikuwa 36. Mzizi uliopikwa haunywi maji hata ukiumwagia pipa zima. Mche unanyauka, wewe unadhani una kiu, unaongeza maji, unaozesha kilichobaki. Nina hakika ndilo lililoikuta miche yako.

Basi tafuta ndoo nyeupe. Mikahawa mingi hupokea jibini na zeituni kwenye ndoo nyeupe za lita 20, ukiomba kwa adabu wanakupa. Lita 20 ndicho kipimo cha chini kwa mche mmoja wa aina ndefu. Lita kumi zinatosha aina fupi tu. Toboa matundu chini na mengine mawili ubavuni karibu na kitako. Usiiweke juu ya sakafu ya zege moja kwa moja, kwa sababu zege linatunza moto mpaka usiku wa manane. Weka vipande vya mbao chini yake, hewa ipite. Mimi nazunguka kila ndoo na gunia, na ndoo zote nazisogeza pamoja ili zijikinge zenyewe kwa zenyewe. Ile ya pembeni upande wa magharibi naiwekea ndoo nyingine tupu nje yake, moja ndani ya nyingine. Vyungu vya udongo ni vizuri kwa sababu vinapoa vikivuja unyevu, lakini vinakunywa maji mno. Mifuko ya kitambaa sikushauri huku: upepo unaikausha pande zote kabla ya adhuhuri.

Balkoni yako ya magharibi isikukatishe tamaa. Wakati wa baridi jua linapita chini upande wa kusini, na wewe utalipata kuanzia adhuhuri hadi machweo, muda wa saa tano au sita, na ni jua la upole. Jua hilo hilo mwezi wa Aprili ndilo adui. Mwenye balkoni ya kusini ana bahati kuliko wote. Ya kaskazini haipati jua kabisa miezi ile tunayoihitaji, huyo apande mnanaa na giligilani.

Udongo: usichote mchanga wa wadi wala wa ufukweni, hata ukiwa bure. Mimi nachanganya sehemu mbili za vumbi la makumbi ya nazi, moja ya mboji iliyoiva, moja ya perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za kupitisha hewa. Lile vumbi la makumbi linakuja limeshindiliwa kama tofali, na lazima ulioshe. Wanaotoka kwetu watanielewa haraka: umewaona wanawake wa Jambiani wakifukia makumbi pwani miezi na miezi kabla ya kusokota kamba? Makumbi yanabeba chumvi, kwa asili yake na kwa maji yanamolowekwa. Basi vumbi lile lilowanishe, likamue, mwaga maji, rudia mara tatu. Samadi ya mbuzi iliyo mbichi iache kabisa, ina chumvi na inaunguza. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu niliunguza miche 12 kwa siku nne.

Maji ya bomba ya Maskati mengi yanatoka baharini yakasafishwa, hayana chumvi nyingi. Chumvi inajengeka kutokana na mbolea yako mwenyewe, kwa sababu jua linakunywa maji na kuacha kilichobaki. Ukiona ukungu mweupe mgumu juu ya udongo, ndiyo hiyo. Dawa yake ni kumwagilia mpaka maji yatoke chini, kila mara, si kunyunyiza juu juu, na mara moja kwa mwezi kupitisha maji mengi ya kuosha. Kwa kuosha natumia maji ya kiyoyozi. Agosti na Septemba, unyevu ulivyo mwingi, kiyoyozi cha chumbani kwangu kinajaza ndoo kwa usiku mmoja, na maji yale hayana chumvi. Nayakusanya kwenye pipa lenye mfuniko nisizalishe mbu.

Jihadhari na maji ya tangi la juu ya nyumba. Mwezi wa Mei, hata Oktoba mapema, bomba la baridi linatoa maji ya moto. Mwagilia baada ya sala ya alfajiri, tangi likiwa limepoa, na kama una mpira acha maji yaliyolala ndani yake yatoke kwanza, yajaribu kwa mkono. Desemba na Januari mara moja kwa siku inatosha, wakati mwingine siku moja ndiyo siku moja siyo. Machi mwishoni asubuhi na jioni. Tandaza majani makavu ya mtende juu ya udongo, vidole vitatu hivi, utaona tofauti.

Ukipata tungule yenye kitako cheusi kilichozama, usikimbilie maganda ya mayai kama wanavyosema wengi. Kitako kinaoza kwa kukosa kalsiamu tundani, kweli, lakini kwenye ndoo kalsiamu kwa kawaida ipo. Inayokosekana ni njia ya kuifikisha, na njia hiyo ni maji. Siku moja ndoo imekauka kau, ya pili imefurika, ndipo kitako kinapooza. Punguza pia urea. Nyoosha umwagiliaji na matunda yatakayofuata yatatoka mazima.

Sasa lile la kugeuza majani. Oktoba huku inzi weupe ni wengi kupita kiasi, na wanabeba virusi vya kukunja majani, ugonjwa ambao wakulima wa Tanzania wanauita rasta. Mche ukiupata ukiwa mdogo hautazaa, na hakuna dawa. Ung'oe siku hiyo hiyo, ufunge kwenye mfuko, utupe. Kwa hiyo kinga. Nafunika ndoo zangu na neti yenye matundu madogo mwezi wote wa kwanza. Tungule inajichavusha yenyewe, haina haja ya nyuki. Maua yakianza natikisa vijiti vya mche kila asubuhi saa tatu, basi. Miti ya mwarobaini imejaa mitaa ya hapa, natwanga mbegu zake, naziloweka usiku kucha, nachuja, natia sabuni kidogo, nanyunyiza jioni chini ya majani kila baada ya siku tano. Inasaidia kwa inzi weupe na utitiri. Kwa kantangaze, kiwavi anayekula ndani ya jani, inasaidia kidogo tu, yule ukimuona anachora njia nyeupe kwenye jani, libane jani kwa vidole na ulitoe.

Mbegu chagua chotara zilizoandikwa kuwa zinastahimili virusi hivyo, na mwaka wa kwanza panda ndogo, za kimanjano au nyekundu za ukubwa wa zabibu. Hizo zinatunga tunda hata hali ikiwa mbaya kidogo. Zile kubwa za nyama nyama ngoja msimu wa pili. Kama una mbegu za Tengeru 97, ile aina ya nyanya ya Tanzania, ulizokuja nazo, weka mbili tatu uone. Mimi ningependa kujua zinavyokuendea.

Machi ikiisha funga chandarua cha kivuli kinachozuia asilimia 35 ya jua upande wa magharibi. Aprili usisubiri tungule iive mtini: ikishapita nyuzi 30 haipati wekundu, inabaki rangi ya chungwa. Chuma ikianza kugeuka, iweke jikoni, siyo kwenye friji. Wiki ya pili ya Mei mimi nang'oa yote, hata yenye majani mabichi. Najua inauma. Mama alikuwa akikataa, anauacha mche wake mmoja kwenye kona ya ngazi mpaka Juni, na haukuwahi kumpa kitu.

Udongo usiutupe. Uloweshe, ufunike na nailoni inayopitisha mwanga, uache juani Juni na Julai yote. Moto unaua minyoo ya mizizi na vijidudu vingine. Ndoo mbili tatu weka bamia, bamia haliogopi jua hili.

Nitakuwa naloweka mbegu Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Kama uko karibu na Seeb niandikie, nikuwekee miche minne ya ziada na ndoo mbili zilizokwisha tobolewa.