Jibu: Bruda ya vifaranga 50 pale umeme unapokatika mara kwa mara

Ndugu, umeuliza utengeneze vipi bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, kwa vifaranga 50 huku umeme ukikatika mara kwa mara, na kama boksi la mbao litafaa. Achana na boksi la mbao. Chukua hadibodi yenye kimo cha sentimita 45 hivi, ikunje iwe duara la kipenyo cha mita 1.2, funga kwa waya. Lazima liwe duara, kwa sababu vifaranga wakisikia baridi hukimbilia kwenye kona, wanalaliana, na wa chini wanakufa kwa kukosa hewa.

Mwaga maranda makavu, tandika magazeti juu siku mbili za mwanzo wasidonoe maranda, kisha yatoe. Karatasi ikilowa inateleza, miguu ya vifaranga inatanuka kwenda pembeni.

Kwa joto, tumia chungu cha udongo chenye mkaa uliofunikwa majivu kidogo, ukizungushie wavu wasiungue. Mkaa uwashie nje mpaka moshi uishe. Hapa nakusihi sana: acha upenyo wa hewa juu ya ukuta wa chumba, na mtu asilale humo. Hewa ya mkaa haina harufu, na inaua watu kama inavyoua vifaranga.

Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kisha punguza kama 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Waangalie usiku. Wakijikusanya kwenye chungu huku wanalia, ni baridi. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi na mabawa yameshuka, joto limezidi. Wakitawanyika wametulia, usiguse kitu.