Watu wa Mawe Juu ya Mlango

SWALI: Asalaam aleikum, Mzee Fundi. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe. Juzi bibi mmoja wa Kifaransa alisimama mbele ya mlango wa nakshi kule Shangani, akautazama mpaka wenziwe wakatuacha. Akanambia kwao, mji wa Autun, kuna kanisa lenye mlango wa nakshi kama huu, ila wa kwao umejaa watu. Kwa nini watu, tena mlangoni? Sikuwa na la kumjibu.
Mtembeza wageni, Mjini

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mlango huo naujua kwa picha. Mteja mmoja aliniachia kitabu chake badala ya bakhshishi, na mpaka leo sijui nani kapata hasara.

Kwanza, wao hawakuchonga mbao. Nakshi iko kwenye jiwe: nusu duara kubwa iliyoziba tao juu ya mlango, na kizingiti cha jiwe chini yake. Ya Autun ilichongwa karibu mwaka 1130. Katikati amekaa Yesu siku ya hukumu, mkubwa kuliko wote. Kando malaika Mikaeli yuko kwenye mizani, viroho vidogo vimejificha kwenye kanzu yake, na shetani anaivutia mizani kwake. Habari za mizani umezisoma chuoni, sina haja ya kukueleza. Kwenye kizingiti wafu wanatoka makaburini, na mmoja ameshukiwa na mikono miwili mikubwa, imemkamata kichwa kama dafu linalongoja panga.

Mbona mlangoni? Wenye vitabu husema ni kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Sawa, lakini mie fundi naona mlangoni ndipo kila mtu anaposita: apige hodi, avue viatu, angoje. Wazee wetu wakaweka hapo aya ya Kurani na mwaka wa Hijria, pembeni wakateremsha mnyororo na samaki. Wao wakaweka watu. Miongoni mwa waliofufuka pale Autun wamo mahujaji wawili na mikoba yao, mmoja una msalaba, mwengine kombe la pwani. Na mahujaji wa kweli walikuwa wakipita chini yao! Fundi huyo alikuwa na akili.

Chini ya miguu ya Yesu pameandikwa kwa Kilatini kuwa Gislebertus ndiye aliyeifanya kazi hii. Wapo wataalamu wanaodai huyo si mchongaji, ni mkubwa fulani tu. Mie siwasikilizi.

Sasa sikia kioja. Mwaka 1766 wakuu wa kanisa waliiona kazi ile ya kishamba, wakaipiga plasta. Kichwa cha Yesu kilikuwa kimechomoza, wakakikata. Haikupita miaka thelathini, Mapinduzi ya Ufaransa yakaja na nyundo, masanamu ya makanisa mengi yakavunjwa. Ya Autun yamo ndani ya plasta, nani ayaone? Ilibanduliwa 1837, na kichwa kikarudi mahala pake 1948.

Mie niliwahi kukwangua mlango mmoja Malindi, rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Chini yake nakshi kali, kama imetoka kwenye patasi jana. Mwenye nyumba akafurahi, akanilipa. Mwezi wa pili napita, kaupaka kijani. Kila tukikutana nilikuwa namgombeza. Tangu nisome habari za Autun, namwamkia tu nikapita.