Re: Rubani wa Tuskegee aliyekuja kuwa daktari, mbona hayumo kwenye orodha?

Mkuu salama. Umesema unamtafuta Granville Coggs kwenye orodha ya wale marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee, Alabama, na kupigana Italia kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na humpati, sasa unahisi stori yake imepikwa. Haijapikwa. Hapo pa kukwama napafahamu, na cha kwanza kucheki ni alikuwa upande wa ndege gani. Waliopigana Ulaya ni wa ndege ndogo za kupambana na ndege za adui (fighter), ila Coggs alikuwa upande wa mabomu, akafuzu kama mpiga bunduki wa ndege, akafuzu kudondosha mabomu, ndo akaja kufuzu urubani, sasa wakati anamaliza mafunzo ni 1945 vita imeisha, hata kikosi chenyewe cha mabomu cha weusi, cha 477, hakikuwahi kwenda vitani. Kwahiyo orodha ya mapigano hutampata kabisa, mtafute kwenye waliofuzu.

Baada ya hapo akasoma chuo Nebraska, kisha Harvard akatoka daktari 1953, akabobea kwenye radiolojia (kupima magonjwa kwa picha za ndani ya mwili, kama eksirei), hasa kugundua saratani ya matiti, na akafundisha San Antonio, Texas. Kwangu hii sehemu ndo nzito kuliko ndege na watu wanaipita haraka sana. Amefariki 2019.

Halafu usimchanganye na Vance Marchbanks, huyo alikuwa daktari wa hao marubani, na 1962 ndiye aliyekaa Kano, Nigeria kufuatilia afya ya mwanaanga Mmarekani John Glenn akiwa anga za juu.