Jibu: Tairi mbili mbele au nyuma?

Kaka, umeuliza kwa nini pikipiki nyingi za tairi tatu za safari ndefu zina tairi mbili mbele, wakati bajaji zetu hapa Tanga zina moja. Sababu ni breki na kona. Ukifunga breki uzito unakimbilia mbele. Tairi ikiwa moja huku unakata kona, chombo kinainuka upande. Abiria wa bajaji Ngamiani wanalijua hilo.

Mtindo huo ulipata umaarufu kwa Can-Am Spyder ya Kanada mwaka 2007, injini ya Rotax silinda mbili, cc 998. Mwaka 2010 likaja toleo lake la RT lenye masanduku ya mizigo, na 2014 likapewa silinda tatu, cc 1330. Hapo ndipo lilipokomaa kwa safari. Ndugu zake pia wapo: F3 ya 2015 ni ya mwendo, Ryker ya 2019 ni nyepesi.

Ila Spyder hailali kwenye kona, unapigana nayo kwa mikono kama gari. Inayolala ni Yamaha Niken ya 2018, cc 847: tairi zote mbili za mbele zinainama nawe. Skuta ya Piaggio MP3 ilishafanya hivyo 2006, lakini kwa mizunguko ya mjini. Kwangu mimi Niken ndiyo pikipiki hasa.

Lami ya Muheza hadi Segera utafurahi na yoyote. Kupanda milima ya Amani, hapana: ukilikwepa shimo kwa tairi za mbele, tairi ya nyuma inapita katikati na kulivaa. Huko nenda na pikipiki ya kawaida ya tairi mbili.